KURUDI KWA UGONJWA WA AKILI, NA WAJIBU WETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo nyumba nyingi zalijua, lakini hulitaja kwa kunong'ona, nalo ni ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwenye ugonjwa huu husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huwadhania jamaa zake ubaya, na mazungumzo yake hupotea njia. Twataka kuuliza swali moja tu. Kwa nini mtu aliyetibiwa akatulia huugua tena?

Twaijua safari yenyewe. Jamaa huchanga nauli, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, naye hurudi ametulia. Hulima, huchunga mbuzi, huketi na wenzake. Baada ya miezi kadha hufungwa kamba tena, na nauli huchangwa tena. Ndipo husemwa, "Dawa ya hospitali haifai," au, "Amerogwa upya." Maneno hayo mawili hutupoteza.

Sababu kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Tangu klorpromazini ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, imejulikana kwamba dawa za namna hii haziung'oi ugonjwa, bali huuzuia, kama matuta yazuiavyo udongo wa mashamba yetu ya mteremkoni. Je, mkulima huyabomoa matuta kwa kuwa mwaka huu udongo haukuchukuliwa? Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, uliokusanya majaribio 65, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 waliugua tena ndani ya mwaka mmoja. Na katika 100 waliopewa dawa ya bandia, 64. Basi ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tusimwite mgonjwa mkaidi. Wengine huacha kwa kuwa wamejiona wazima. Wengine dawa huwatetemesha, huwanenepesha au huwatia usingizi. Wengine zahanati ya karibu haina dawa, na nauli ya kwenda mjini Kitui au Wote haipatikani, hasa wakati wa ukame, ambapo hata chakula ni shida. Yafaa wajue kwamba daktari aweza kubadili dawa au kupunguza kipimo, na kwamba iko sindano inayodungwa mara moja kwa mwezi hivi badala ya vidonge vya kila siku.

Sababu ya pili ni ulevi. Bangi huuamsha ugonjwa huu, na miraa, muguka na kaluvu humtia mgonjwa hatarini. Kijana aliyetoka hospitali asikaribishwe kwa kibuyu.

Sababu ya tatu i ndani ya nyumba zetu. Mwaka 1972, Bwana George Brown na wenzake huko London walieleza habari za wagonjwa 101 waliorudi kwa jamaa zao. Katika nyumba zenye lawama, ukali, au wasiwasi uliopita kiasi, 58 katika 100 waliugua tena ndani ya miezi 9. Katika nyumba zenye upole, 16 tu. Si kwamba jamaa ndio walioleta ugonjwa, la! Lakini ulimi mkali huurudisha.

Wazee watauliza, je, mundu mue na mhubiri wafukuzwe? Sivyo. Katika miaka ya 2010, Profesa David Ndetei na wenzake waliwakutanisha Makueni waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa zahanati, ili washirikiane kuwahudumia wagonjwa. Maombi na yaendelee, ila mtu asiambiwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani.

Kwa hiyo twauomba Mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, sehemu ya fedha za msaada iwekwe kwa nauli ya kuchukua dawa kila mwezi, wala tusingoje hadi mtu afungwe kamba. Pili, kila utui uchague mtu mmoja mwaminifu, mwenye kutunza siri, wa kumkumbusha mgonjwa siku yake ya zahanati. Tatu, wazee wawafundishe jamaa dalili za mwanzo, yaani kukosa usingizi, kujitenga, kuacha kuoga, kushuku watu, na kusema peke yake. Zikionekana, mgonjwa apelekwe upesi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baba zetu hawakumwachia mtu mmoja shamba zito, waliita mwethya. Mgonjwa huyu naye ni shamba letu sote.