Mizunguko ya Usingizi: Tupange Vipi Saa ya Kulala na ya Kuamka



Simu nyingi leo zina programu zinazoahidi kutupangia saa ya kulala na ya kuamka. Baadhi ni za bure, nyingine hutozwa kila mwezi. Kabla hamjalipa, yafaa tueleze zinachoweza na zisichoweza.

Msingi wake ni wa kweli. Usingizi huenda kwa mizunguko: mwepesi, mzito, kisha usingizi wa ndoto, ambamo macho huenda mbio chini ya kope, kama walivyoeleza Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953. Anayeamshwa katikati ya usingizi mzito huamka na kichwa kizito.

Kasoro imo katika hesabu. Programu hizo hudhani kila mzunguko ni dakika 90. Huo ni wastani tu. Mzunguko waweza kuwa wa dakika 70 au 120, na hubadilika ndani ya usiku mmoja. Ambaye mizunguko yake ni ya dakika 100, kengele iliyotegwa baada ya mizunguko 5 ya dakika 90 itamkuta katikati ya mzunguko wa tano. Saa za mkononi nazo hukisia kwa mwendo wa mkono na mapigo ya moyo. Kipimo kamili husoma umeme wa ubongo.

Hatari kubwa ni kushawishika kwamba muda wa saa 4 na nusu unatosha kwa kuwa mizunguko mitatu imetimia. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Dereva aliyelala pungufu atasinzia kwenye usukani, hata kama hesabu yake ilikuwa kamili.

Kwa hiyo twashauri: chagueni kwanza saa ya kuamka, nayo iwe ileile kila siku. Rudini nyuma saa 7 na nusu, kisha ongezeni robo saa ya kusubiri usingizi. Anayeamka saa 11 alfajiri apande kitandani saa 3 na robo usiku. Akizidi kuamka mchovu, awahi kulala kwa robo saa nyingine. Anayekoroma kwa nguvu na kusinzia mchana, ingawa amelala vya kutosha, amwone daktari.

Hesabu hii haihitaji malipo yoyote.