Vumbi la Risasi Nyumbani

Leo tuzungumze juu ya vumbi. Huenda baba watoto hupasua betri kuukuu za gari uani, au huyeyusha risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha, sisemi aiache. Lakini risasi ni sumu. Vumbi lake huingia ndani kwa nguo na viatu. Mtoto anayetambaa huligusa, kisha hutia vidole kinywani. Hudhuru ubongo wake, na mara nyingi huoni dalili yoyote. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka wa 2014, lakini sumu ilibaki udongoni.

Kwa hivyo, mama, kazi hiyo ifanywe mbali na nyumba. Baba aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Wanawishe watoto kwa sabuni kabla ya kula. Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto kliniki, ueleze kazi inayofanywa nyumbani, na uulizie kipimo cha damu.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.