Kabla Seli Haijapinda



Leo tuzungumze kuhusu protini. Najua ukisikia neno hilo unafikiria maharage, dagaa na mayai. Ni sawa kabisa, chakula hicho kina protini. Lakini zipo protini nyingine zinazochapa kazi ndani ya mwili wako saa hii hii. Nimechagua moja tu: hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu.

Hemoglobini haielei peke yake kwenye damu. Imefungiwa ndani ya chembe nyekundu, na chembe moja inabeba hemoglobini kama milioni 270. Hebu fikiria daladala ya saa moja asubuhi: watu wamebanana, ukigeuka tu umemgusa mwenzako. Ndivyo ilivyo humo ndani. Kwa hiyo mtaalamu akiitoa protini hiyo na kuiweka peke yake kwenye chupa ya maabara, anajifunza mengi, lakini hajaona inavyoishi katika msongamano wa nyumbani kwake.

Je, jambo hilo lina umuhimu gani? Tuangalie ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, akaipata tofauti yenyewe. Hemoglobini moja ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574. Kwa mgonjwa wa selimundu zimebadilika mbili tu, moja katika kila mnyororo wa beta. Pale nafasi ya 6, penye asidi glutamiki, imekaa valini.

Mbili kati ya 574! Utasema si kitu. Lakini hemoglobini hizo zikishatoa oksijeni, zinashikana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu, ngumu. Nyuzi zikiwa nyingi zinaisukuma seli mpaka inapinda kama mundu wa kukatia mpunga. Seli ya namna hiyo haipiti vizuri kwenye mishipa myembamba. Damu inakwama, na mtu anapata maumivu makali.

Sasa swali: nyuzi hizo zinaanza lini? Darubini ya kawaida inakuonyesha umbo la seli tu, imepinda au haijapinda. Ukiipasua seli uchungulie ndani, basi umeshaharibu ile hali uliyotaka kuiona. Ni kama kubomoa nyumba ili ujue watu wanalalaje.

Hapa ndipo sumaku inapoingia. Viini vya baadhi ya atomu vina tabia ya sumaku ndogo sana. Ukiviweka ndani ya sumaku kubwa yenye nguvu, kisha ukavipigia mawimbi ya redio, navyo vinajibu kwa mawimbi yao. Wataalamu wanaiita rezonansi ya sumaku, na ndiyo msingi wa ile mashine ya MRI ya hospitalini. Mawimbi hayo hayapasui seli. Katika kaboni 100 za mwili wako, karibu 1 ni ya aina ya kaboni-13, na hiyo ndiyo inayojibu.

Utamu uko hapa. Hemoglobini iliyo huru, hata katika msongamano ule, inazungukazunguka haraka. Iliyokwisha kujiunga kwenye uzi imebanwa, haizunguki. Kitu kinachozunguka kinatoa jibu la aina moja, kilichobanwa kinatoa la aina nyingine. Ukiyalinganisha majibu hayo unajua ni kiasi gani cha hemoglobini kimeshakuwa nyuzi, na seli yenyewe bado ni nzima.

Mwaka 1980 Constance Noguchi, Dennis Torchia na Alan Schechter, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitangaza matokeo ya kupima namna hiyo chembe nyekundu nzima za wagonjwa wa selimundu. Waliona nyuzi zipo hata pale oksijeni ilipokuwa imejaa zaidi ya asilimia 90, na kwamba zinaongezeka kadiri oksijeni inavyopungua. Yaani tatizo linaanza ndani mapema, wakati macho bado yanaona seli isiyopinda.

Kazi ya aina hii imeendelea. Mwaka 2001 wanasayansi walipima protini ndani ya bakteria hai kwa njia ya rezonansi, na mwaka 2009 ndani ya seli za binadamu zilizokuzwa maabara.

Unaweza kuniuliza, "Sasa haya yananihusu nini mimi wa kidato cha pili?" Yanakuhusu. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Inawezekana kabisa mmoja wao yuko darasani kwako. Asubuhi ya baridi anaomba asikimbie mchakamchaka, na wenzake wanasema anategea kwa sababu wanamwona mzima tu. Lakini kama hata darubini inaweza kudanganywa na umbo la seli, wewe utaujuaje ugonjwa wake kwa kumtazama usoni? Akisema anaumwa, mwamini. Mwache anywe maji mara kwa mara, avae sweta, apumzike. Akipata homa, kifua kikambana au maumivu yakazidi, mwambieni mwalimu apelekwe hospitali haraka, siyo kesho.

Na wewe mwenyewe je? Selimundu haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala bweni moja. Wala siyo kurogwa. Inarithiwa. Mtu mwenye jeni moja ya selimundu kwa kawaida haumwi, na anaweza asijue kabisa. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kipimo cha damu kinatosha kukuambia kama unayo jeni hiyo. Zungumza na wazazi wako, kapime sasa ukiwa kijana, kabla ya habari za posa na harusi.

Mwenzako naye msimsubiri apinde kwa maumivu ndipo mkubali kwamba anaumwa.