Nani Analinda Mlango wa Mfanyakazi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa Katuba, Lubumbashi



Tumewaita kwa jambo moja, nanyi mnalijua kabla hatujafungua kinywa. Jua likizama katika Katuba, baba anahesabu watoto wake, anasukuma meza nyuma ya mlango, analala sikio moja wazi. Mama anayeuza unga anafunga biashara mapema, na feza ya saa mbili za jioni inapotea kila siku. Mfanyakazi anayeshuka kwenye gari ya mine usiku anauliza moyo wake apite njia gani. Na mtu akipiga hodi usiku, hata akitaja jina lake, tunanyamaza kama nyumba haina watu. Haya siyo maisha ya watu walio huru.

Wengine wanasema: wizi ni kazi ya polisi, siasa inaingia wapi? Tunawajibu kwamba inaingia tangu siku mji huu ulipozaliwa. Sikilizeni vizuri, kwa sababu asiyejua ugonjwa ulianza wapi atakunywa dawa ya mtu mwingine.

Mji huu ulianzishwa katika 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Wabelgiji walikata mji vipande viwili: huku mji wa wazungu, kule mitaa ya watu weusi, na katikati uwanja mtupu ili tusikaribiane. Usiku mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi. Polisi walikuwapo, tena walikuwa wakali. Lakini walilinda nini? Walilinda duka, ofisi, ghala na nyumba ya mzungu. Mwizi akiingia kwa mweusi, lilikuwa neno la weusi wenyewe. Mweusi akionekana kwa mzungu saa mbaya, huyo ndiye aliyeitwa mwizi.

Mwezi wa 12 wa 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliomba nyongeza ya mshahara. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakapigwa risasi, wakafa wengi. Askari waliotumwa pale hawakuwa wanamtafuta mwizi. Walikuja kumnyamazisha mtu aliyefanya kazi akaomba haki ya jasho lake. Hiyo ndiyo polisi tuliyorithi: nguvu iliyofundishwa kumtazama mkaaji kama adui, na kugeuzia mgongo mlango wake.

Katuba ilijengwa katika miaka ya 1950, wazee wetu wakaingia katika nyumba hizi kwa furaha. Mwezi wa 12 wa 1957 watu weusi walipiga kura mara ya kwanza katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ili komine ziwe na washauri na burgumestre wao. Wazee walifikiri kwamba sasa mkubwa wa komine atakuwa mtu wetu, naye atalinda watu wake. Kiisha uhuru ukafika, tarehe 30 ya mwezi wa 6, 1960.

Lakini tusijifiche nyuma ya mzungu. Tangu siku ile imepita miaka zaidi ya 60. Katika 1972 Mobutu alivunja polisi akaiingiza katika jandarmeri, na mlinzi wa mji akawa mwanajeshi. Mwezi wa 10 wa 1991 wanajeshi wenyewe walipora maduka ya Lubumbashi. Tarehe 7 ya mwezi wa 9, 2011, watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka mchana. Mbelgiji hakuwapo. Ni sisi tuliochukua nyumba ya mkoloni tukabadili jina la mlangoni, tukaacha zamu wake akilinda mlango uleule wa zamani. Hata leo nendeni mkaone: kwenye ghala la madini kuna ukuta, taa na watu wenye silaha usiku kucha. Ingieni katika avenyu zetu, mwanga ni ule wa mwezi.

Sasa tuseme juu ya mwizi mwenyewe. Anatoka wapi? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mfanyakazi alipata mshahara, unga, hospitali, shule ya watoto. Katika 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 30,000 kwa mwaka. Katika 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa feza ya mara moja, nao walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Wakaiita kuondoka kwa hiari. Mtu mwenye njaa ana hiari gani? Feza iliisha, shule ikasimama, na mtoto aliyekuwa katika darasa akawa mtoto wa barabara. Kampuni nyingine zilikuja kiisha, na shaba ya inchi ikapanda tena kupita ile ya zamani, lakini vijana wengi wa Katuba wanaona malori yake yakipita tu.

Hatusemi kwamba maskini ni mwizi. Hilo ni tusi, nasi tunalikataa, kwa maana wengi wetu hapa tumelala njaa bila kugusa kuku wa jirani. Tena yule anayeibiwa ni maskini mwenzake: ni mama wa unga, ni mwalimu, ni mlinzi wa usiku ambaye nyumba yake imebaki bila mlinzi. Mwizi wa Katuba hapandi ukuta wa tajiri, anafungua mlango wa bati. Kwa hiyo hatumwonei haya.

Lakini kuna makosa mawili tunayoyafanya kwa sababu ya hasira, nayo yatatuua kuliko wizi.

Kosa la kwanza ni kumchoma mtu. Filimbi inalia, watu wanakimbia, mmoja anaonyesha kidole, na mbele ya kuuliza jina mpira wa gari uko shingoni. Mnatuambia: tukimpeleka kwa polisi, wiki ijayo tunamwona barabarani akitucheka. Ni kweli, na tunajua ya kuwa wengine wanatoka kwa mlungula. Lakini tuseme na kweli nyingine. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Kiisha wamwachilie au wampeleke mbele ya sheria. Basi umati unamleta mtu usiku, unampiga, unamtupa mbele ya ofisi na kwenda kulala. Asubuhi nani anarudi kutia sahihi? Nani anasema, mimi niliona kwa macho yangu, saa fulani, kwenye nyumba fulani? Mara nyingi hakuna. Saa 48 zinapita, karatasi ni nyeupe, na mtu anatoka. Tunalaumu mlango wa gereza, nao haujafungwa kwa sababu hakuna aliyeleta ufunguo.

Tena aliyechomwa hawezi kutaja wenzake, wala kusema nani alinunua redio yako. Akiwa si yeye aliyeiba, hakuna anayeweza kumrudishia mama yake mtoto. Na mwizi wa kweli yuko pale, katikati ya umati, akipiga kelele kuliko wote.

Wako wanaosema: basi serikali iwaue. Waangalie Kinshasa. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 polisi walifanya kazi waliyoiita Likofi, ya kuondoa vijana wanaoitwa kuluna. Human Rights Watch iliandika katika 2014 kwamba watu wasiopungua 51 waliuawa na 33 hawakuonekana tena. Je, kuluna waliisha? Hapana, jina lao linasikika mpaka leo. Polisi aliyeruhusiwa kuua bila kuuliza hatamtofautisha mtoto wako na mtoto wa mwizi, kwa maana kwenye giza wote wawili ni vijana wa Katuba.

Kosa la pili ni kutafuta mwizi kwa kabila. Mnasikia maneno haya kwenye maji na kwenye pombe: hawa waliokuja juzi, hawa wanaozungumza luga ile, hao ndio wezi. Ndugu, tulisikia maneno hayo zamani, tukaona mwisho wake. Katika 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika Likasi na Kolwezi. Watu waliozaliwa huku, waliochimba shaba hii, walilala kwenye stesheni za treni na watoto wao wakingoja magari, na wengi walikufa. Waliahidiwa nini wale waliobaki? Kazi na amani. Je, kazi ilipatikana? Shaba iliendelea kushuka, na nyumba za waliofukuzwa zilifundisha vijana kwamba mali ya jirani inaweza kuchukuliwa mchana, watu wakipiga makofi. Anayekuambia mwizi ana kabila anataka uangalie upande mwingine wakati yeye anachukua.

Sasa mtauliza: tufanye nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tunaleta mambo matano.

La kwanza, kila avenyu ichague watu watano, na wanawake wawe ndani yao, kwa sababu mama ndiye anajua nani anapita mchana. Hao watano wajue kila nyumba na kila mpangaji. Mgeni akifika, waende kumsalimu, wamwambie jina la avenyu na ginsi tunavyoitana usiku. Mgeni aliyesalimiwa ni mlinzi mmoja zaidi.

La pili, tukubaliane sauti. Filimbi na masufuria vikilia, kila nyumba iwashe taa au mshumaa, na watu watoke pamoja, siyo mmoja mmoja. Vijana wapokezane kuwangoja wafanyakazi wa usiku pale gari linaposimama. Lakini tunakataza panga na petroli. Anayeleta petroli kwenye ulinzi huyo si mlinzi, na watano wamwondoe.

La tatu, mtu akishikwa apelekwe akiwa mzima, na watu wawili walioona waende naye. Waandike saa, mahali, mali iliyoibwa na jina la askari aliyempokea. Kesho yake warudi kutia sahihi na kuuliza faili imekwenda wapi, mbele ya saa 48 kupita. Kuna mahali mlalamikaji anaombwa feza ya karatasi na ya gari. Msitoe peke yenu kwenye kona. Njoni watano, mwulize mbele ya watu wote: feza hii ni ya nini, na risiti iko wapi? Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema polisi ni wa usalama wa watu na mali zao. Hakikusema watu wenye feza. Nasi tunasema kwa haki: askari ambaye mshahara wake hautoshi kulisha watoto naye ni mfanyakazi. Tudai mshahara wake, kiisha tudai kazi yake.

La nne, tuache kununua mali ya wizi. Simu ya bei ya bule, mlango wa chuma usio na mwenyewe, waya wa shaba uliochomwa ili ganda litoke: unajua vilipotoka. Waya ule ndio uliokuwa unaleta mwanga katika avenyu. Tukiununua, tumelipa feza ili tukae katika giza, na usiku wenye waya wanakuja kuchukua kilichobaki.

La tano, tuiulize komine. Sheria ya tarehe 7 ya mwezi wa 10, 2008, inaipa komine baraza lake na feza yake. Katika 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, komine kadhaa za miji mikubwa zilichagua washauri. Mshauri aliyeomba sauti yako aje asimame hapa, aseme kodi ya soko imeweka taa ngapi na katika avenyu gani. Asipokuja, tumwendee sisi, kwa heshima, mchana, wengi, na karatasi yenye majina yetu.

Na kwa wakubwa wa mine tuna neno moja. Ukuta wenu ni mrefu, lakini hakuna ukuta mrefu kupita njaa ya kijana aliyeusimamia tangu asubuhi akiomba kazi. Waajirini vijana wa hapa, wafundisheni kazi. Hiyo ndiyo zamu itakayolinda mali yenu na yetu pamoja.

Ndugu, uhuru ulitutoa chini ya karatasi ya mzungu iliyotukataza kutembea usiku. Tusikubali mwizi ateremshe marufuku ileile juu ya vichwa vyetu, wala tusiwe sisi wenyewe watu wa kutisha kuliko mwizi. Mbele ya Jumapili kila avenyu ituletee majina matano, na saa ya mkutano wao wa kwanza. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua. Tutayasoma majina hayo hapa hapa, mbele yenu wote, na avenyu itakayokosa itajulikana.

Uhuru, kazi, na usingizi wa amani kwa kila nyumba!