KARATASI YA MWENDO WA KASI ILIYOANDIKWA VIBAYA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa madereva na mataniboi, wanachama wa chama chetu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linalowaleta madereva wengi mlangoni mwa ofisi ya chama. Mtu huingia, huweka karatasi ya trafiki juu ya meza, na kusema: "Tazameni, wamekosea. Basi kesi imekwisha." Leo twataka kuwaambia kwamba kesi haijaisha. Kosa la karani si mlango wa kutokea korti. Lakini kosa hilo laweza kuwa kitu kikubwa sana, kama mwenye karatasi anajua lamgusa wapi, na akilisema mahali panapofaa.

Mkulima ana jembe, na sisi tuna leseni. Ikiharibika leseni, watoto hawali. Kwa hivyo tusikilizane vizuri.

Tuanze na ndugu mmoja ambaye jina lake liliandikwa vibaya, herufi moja tu. Nambari ya gari ilikuwa sawa, nambari ya leseni sawa, siku sawa, mahali sawa. Alikuwa ametoa dhamana ya pesa na kupewa siku ya kufika mbele ya hakimu. Rafiki zake wakamwambia, "Huyo aliyeandikwa si wewe, kaa nyumbani." Akakaa. Siku ile jina likaitwa, hakuna aliyeitika. Dhamana ikapotea, na hati ya kumkamata ikatolewa. Alipokuja kwetu alikuwa na shida mbili mahali pa moja. Aliposimama kortini na kutaja ile herufi, hakimu aliamuru isahihishwe, na kesi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Je, hakimu alimwonea? La. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 214, yampa hakimu uwezo wa kusahihisha mashtaka yenye kasoro, maadamu upande wa mashtaka haujamaliza kutoa ushahidi wake. Hata saa ikiandikwa vibaya, hilo peke yake kwa kawaida haliui kesi. Na ukikata rufani, kifungu cha 382 chasema kwamba hukumu haitavunjwa kwa sababu ya kosa la maandishi, ila kama kosa hilo limeleta upotevu wa haki.

Lakini ndugu, kifungu kile kile cha 214 kina upande wa pili ambao watu hawausomi. Mashtaka yakisahihishwa, lazima uulizwe upya kama wakubali au wakataa. Na una haki ya kutaka mashahidi waliokwisha kusema waitwe tena, uwaulize juu ya yale mapya. Watu wengi hunyamaza hapo kwa sababu hawajui. Basi jueni.

Sasa twaja kwa ndugu wa pili, na habari yake ndiyo iliyotufanya tuitishe mkutano huu.

Ndugu huyu alikuwa na lori lenye mzigo mzito, barabara ya Mombasa. Lori kubwa la biashara mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na lake lilikuwa na spidi gavana kama sheria itakavyo. Kila dereva hapa ajua kwamba gavana huzuia injini isivute, lakini haizuii mzigo usisukume. Kwenye mteremko lori likajisukuma. Askari wakamsimamisha, wakamwonyesha kipima mwendo. Yeye na taniboi wake waliona kwa macho yao: 86. Karatasi ikaandikwa. Alipoisoma baadaye, mbele kidogo ya hapo, alikuta 96.

Mtasema, tofauti ni ya tarakimu moja. Haya, tuihesabu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotolewa mwaka 2016 zilipanga faini hivi: ukizidisha kilomita 1 mpaka 5, onyo, 6 mpaka 10, shilingi 500, 11 mpaka 15, shilingi 3,000, 16 mpaka 20, shilingi 10,000. Aliyekwenda 86 amezidisha 6. Aliyekwenda 96 amezidisha 16. Tarakimu moja ya karani ni shilingi 9,500. Huo ni unga wa nyumba kwa muda gani? Kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Na fedha haikuwa ndiyo hatari kubwa. Tajiri wake alipoona 96 alisema, "Lori lenye gavana haliendi 96. Huyu ameichezea gavana yangu." Barua ya kutaka kumfukuza ikaandikwa. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imening'inia kwenye tarakimu moja.

Ndugu huyu alifanya nini? Hakugombana barabarani. Hakutoa chai. Alisimamisha lori mahali salama, akatoa daftari, akaandika saa, mahali, namba aliyoiona kwenye kipima mwendo, na kwamba taniboi pia aliiona. Kesho yake alikuja ofisini kabla ya kulipa hata senti moja. Hapo ndipo alipojiokoa, kwa maana ukiisha kulipa faini umekiri, na kilichoandikwa kimekuwa ndicho ulichokifanya.

Tukamwambia asiseme uongo. Asiseme hakwenda kasi. Siku ya korti aliposomewa mashtaka alijibu: "Bwana hakimu, nilizidisha, lakini sikwenda 96. Kipima mwendo kilionyesha 86." Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Hiyo ndiyo njia iliyo sawa. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, imejulikana wazi: mtu akikubali kosa, ni lazima asomewe maelezo ya jambo lenyewe, na akipinga maelezo hayo, kukubali kwake kuondolewe na iandikwe kwamba amekana. Huwezi kufungwa na "ndiyo" ambayo hukuikusudia.

Kisha akaomba aonyeshwe kumbukumbu ya kipima mwendo kabla ya siku ya ushahidi. Hakuomba fadhili. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa ukamilifu wa kutosha kulijibu, kupata nafasi ya kujitayarisha, kujua mapema ushahidi utakaotolewa, na kupewa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Kumbukumbu ilipoletwa ilisema 86. Mashtaka yakasahihishwa, akaulizwa upya, akakubali, akatozwa faini ndogo, akalipa, akapewa risiti.

Mtu mmoja alituuliza, "Basi ameshinda nini, na faini amelipa?" Ndugu, ameshinda hivi. Alichukua maandishi ya korti mpaka kwa tajiri. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya mfanya kazi kufukuzwa kwa kosa, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuwa pamoja na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa kujieleza. Tulikaa naye mezani. Gavana ikapimwa, ikaonekana haikuguswa. Barua ya kumfukuza ikaondolewa, akapewa onyo. Leo yuko kazini, na amekaa katika mkutano huu.

Sasa tuseme la kufanya, kwa ufupi, ili kila mtu alichukue nyumbani.

1. Isome karatasi hapo hapo, kabla askari hajaondoka. Tazama jina, leseni, nambari ya gari, mahali, siku, mwendo, na mwisho wa mwendo wa barabara ile. Ukiona kosa, liseme kwa adabu. Likikataliwa, nyamaza, uandike katika daftari lako.

2. Usiandike wala kufuta chochote juu ya karatasi yenyewe. Ukiigusa, kosa la karani limekuwa kosa lako.

3. Pima uzito wa kosa. Herufi ya jina lako ni jambo dogo. Lakini nambari ya gari isiyo ya gari lako, mwendo ambao kipimo hakikuonyesha, au mwisho wa kilomita 50 mahali ambapo si mji wala soko, hayo yagusa kiini: Ni wewe? Ni gari lile? Ulivunja sheria kwa kiasi gani?

4. Usilipe kabla ya kufikiri. Njoo ofisini siku ile ile au kesho yake.

5. Fika kortini siku uliyopewa, hata kama kila neno katika karatasi ni kosa. Pa kulisemea ni kortini.

6. Kama hapakuwa na kipimo, uliza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa mwendo wa kasi kwa sababu tu shahidi mmoja ametoa maoni yake kwamba aliliona gari likienda mbio.

Neno la mwisho. Hatukuja hapa kuwafundisha kukimbia halafu kujificha nyuma ya kalamu ya karani. Sisi sote tumezika wenzetu waliokufa barabarani. Mwendo wa kasi unaua, na mwenye kosa alipe. Lakini alipe la kwake, asilipe hata kilomita moja ambayo hakuikimbia. Twadai kwamba karatasi iseme kweli, na sisi nasi tukiulizwa tuseme kweli.

Dereva peke yake mbele ya meza ya tajiri ni mdogo. Dereva mwenye daftari, na chama nyuma yake, si mdogo tena. Nunueni daftari, ndugu. Wekeni karibu na usukani.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu, kamati ya madereva.