Taa ya Injini na Kompyuta Mpakato: Mashine Hutaja Dalili, Haitaji Kipuri



Mada ya leo inahusu taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi. Kwa wakazi wa Tegeta, Bunju, Mbagala au Chamazi, taa hiyo inapowaka huzusha maswali mawili: je, gari litafika mjini kesho, na matengenezo yatagharimu kiasi gani? Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni, siku moja ya gari kulala gereji ni siku ya deni. Kwa mzazi anayetegemea gari hilo kupeleka watoto shule, ni nauli nyingine juu ya nauli.

Zamani mwenye gari hakuwa na la kufanya ila kulipeleka kwa fundi na kusubiri hukumu. Siku hizi kuna vipimio vidogo vinavyounganisha gari na kompyuta mpakato kwa kebo ya USB au kwa Bluetooth, na mtu anaweza kuvitumia akiwa nyumbani kwake. Watumiaji wengi wanatuuliza kama vyafaa kununuliwa. Jibu letu ni kwamba vyafaa, kwa sharti moja: mnunuzi aelewe kwamba kipimio hutaja dalili, wala hakitaji kipuri cha kununua. Tukilishika hilo, tutaokoa fedha. Tukilisahau, kipimio chenyewe kitakuwa njia mpya ya kupoteza fedha.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Gari la kisasa lina kompyuta yake, ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi. Kompyuta hiyo hupokea taarifa kutoka kwa sensa nyingi: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mwendo wa injini, hewa ya oksijeni iliyobaki katika moshi. Taarifa ikitoka nje ya mipaka iliyowekwa, kompyuta huandika msimbo wa hitilafu katika kumbukumbu yake na kuwasha taa. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kutumia mfumo mmoja wa kusoma misimbo hiyo, uitwao OBD-II, kuanzia magari ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, yaliendelea na taratibu zake kwa miaka kadhaa zaidi. Ndiyo sababu gari la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 2000 linaweza kuwa na tundu lenye nafasi 16 chini ya usukani, nawe ukachomeka kipimio kizima kabisa, lisijibu neno. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akijaribu kipimio kwenye gari lako mwenyewe. Akikataa, usinunue.

Yapo mambo mengine mawili ya kuzingatia wakati wa kununua. La kwanza, vipimio vingi vya bei nafuu hubeba jina ELM327. Hilo lilikuwa jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, lakini vingi vilivyoko madukani ni nakala, na baadhi ya nakala hizo hukosa sehemu ya uwezo wa chipu halisi. La pili ni programu. Kipimio kikija na sahani yenye programu isiyo na leseni, na maelezo yakakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, jiulize ni kitu gani kinachojificha. Kompyuta hiyo ndiyo unayofanyia miamala ya benki. Chukua programu kutoka kwa mtengenezaji wake, na uanze na toleo la bure. Kwa kusoma misimbo, mara nyingi hilo latosha.

Sasa tuje kwenye upimaji. Egesha gari mahali pa wazi na tambarare, vuta breki ya mkono, na kama ni otomatiki weka gia kwenye P. Usiiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Chomeka kipimio, kisha zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Fungua programu, unganisha, soma misimbo. Iandike yote kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita, au hifadhi picha ya kioo cha kompyuta. Programu nyingi pia huonyesha hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: joto, mwendo, mzigo wa injini. Hifadhi na hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Usifute misimbo kwa haraka. Kuifuta huzima taa, lakini hakuponyi gari. Tena hufuta ushahidi ambao fundi angeutumia. Futa baada ya matengenezo, ili kuona kama hitilafu itarudi.

Msimbo huanza na herufi. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa mtengenezaji mwenyewe, na maana yake itafutwe katika kitabu cha gari hilo. Tutoe mifano mitatu ili maneno yetu yasibaki hewani.

Mfano wa kwanza ni P0302. Maana yake ni kwamba silinda ya pili inakosa mchomo, yaani injini "inamisi". Msimbo haukusema koili imekufa. Yaweza kuwa plagi, koili, injekta, au mgandamizo uliopungua ndani ya silinda. Katika gari kama Toyota IST, kila silinda ina koili yake juu ya plagi, iliyofungwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Injini ikiwa imepoa na ufunguo umetolewa, badilishana koili ya silinda ya pili na ya tatu, futa msimbo, kisha endesha. Msimbo ukigeuka kuwa P0303, tatizo limehama pamoja na koili, na sasa unajua cha kununua: koili moja, si nne. Ukibaki P0302, koili yako ni nzima, na umejiepusha na safari ya bure ya Gerezani au Shaurimoyo kutafuta vipuri.

Mfano wa pili ni P0171, unaosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Kufanya hivyo ni kumwadhibu tarishi kwa habari aliyoileta. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka kwa vumbi la barabara zetu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Kagua mipira kwanza, kwa macho na kwa masikio. Ukaguzi huo hauna gharama.

Mfano wa tatu ni P0128, maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Hapa Dar es Salaam msimbo huu mara nyingi una historia: gari liliwahi kuchemsha, na mtu akaitoa thamostati kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto na haiihitaji. Kumbe kazi ya thamostati ni kuiwezesha injini kufika upesi kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hupewa mafuta mengi zaidi na kompyuta, na mwenye gari hulipia mafuta hayo kituoni bila kujua. Kompyuta mpakato itakuonyesha joto hilo moja kwa moja. Katika magari mengi hupanda hadi kati ya nyuzi 80 na 100 za Selsiasi na kutulia. Likikawia kupanda baada ya robo saa ya kuendesha, mwulize fundi kama thamostati ipo na ni nzima. Likizidi kupanda gari liliposimama kwenye foleni, na feni haizunguki, zima injini kabla hujaiunguza gasketi ya silinda hedi. Wala usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto.

Kipimo kingine chepesi ni umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwashwa, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki kwenye 12, angalia mkanda na altaneta kabla ya kununua betri mpya.

Ndugu zetu, mipaka ya chombo hiki nayo ijulikane. Kipimio cha kawaida hakisomi kila mfumo. Kingi hakifiki kwenye breki za ABS wala mifuko ya hewa ya usalama. Mifuko hiyo usiiguse nyumbani, kwani hufyatuka kwa nguvu ya mlipuko. Katika magari ya haibridi, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme wenye nguvu ya kuua. Ziachie wenye mafunzo. Taa nyekundu ya shinikizo la oili, ya breki au ya joto haisubiri kompyuta: simama mahali salama mara moja. Taa ya injini ikiwa inamweka badala ya kuwaka tu, injini inamisi vibaya, na mafuta yasiyoungua yanaweza kuyaharibu masega ya ekzosi, ambayo ni ghali. Punguza mwendo, na usiendelee na safari ndefu.

Baada ya hayo, nenda kwa fundi. Hatukuja hapa kuwagombanisha wateja na mafundi. Fundi hodari aliye chini ya mwembe wake anajua mengi ambayo hakuna kompyuta inayoyajua: sauti, harufu, mtetemo. Na mashine yake huenda ni bora kuliko yako. Lakini mazungumzo hubadilika pale mteja anapofika na daftari. Badala ya kusema "gari linasumbua", sema: "Fundi, nimepata P0302, nimebadilishana koili, msimbo haukuhama." Kisha uliza maswali matatu: umepima nini kuthibitisha kwamba kipuri hiki kimekufa? Bei ya kipuri ni ngapi, na ya kazi ni ngapi? Kipuri cha zamani nitakabidhiwa? Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa yanamlinda naye dhidi ya lawama.

Chombo hikihiki kina faida kubwa zaidi siku ya kununua gari lililotumika. Muuzaji anaweza kufuta misimbo asubuhi ili taa isiwake unapokuja mchana. Hata hivyo kompyuta huacha alama. Baada ya kufutwa, majaribio ya ndani ambayo gari hujifanyia huonekana kuwa hayajakamilika. Na magari mengi huhesabu kilomita zilizotembewa tangu misimbo ilipofutwa. Betri iliyofunguliwa nayo yaweza kuacha alama hizo, kwa hiyo zisiwe hukumu. Ziwe sababu ya kuuliza, na ya kuomba kuliendesha gari kwa muda mrefu kabla ya kutoa fedha.

Hatimaye, haki zenu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Anayekuuzia kipuri bandia kwa jina la halisi, au kukutoza kwa kazi ambayo hakuifanya, hana kinga ya desturi ya mtaa. Lakini malalamiko husimama juu ya ushahidi. Dai risiti ya EFD unaponunua kipuri, andikianeni makubaliano na fundi hata kwa mistari mitatu, hifadhi kipuri cha zamani, na tunza picha za misimbo ya kabla na ya baada ya matengenezo. Anza kwa kurudi kwa aliyekuhudumia na kumweleza kwa utulivu, kwani mengi humalizika hapo. Yasipomalizika, peleka malalamiko yako kwa maandishi, pamoja na nakala za vielelezo hivyo.

Si lazima kila nyumba inunue kipimio. Majirani watatu wanaweza kuchangia kimoja, na kijana wa nyumbani mwenye kompyuta ya chuo akawasomea. Tunachowaomba ni kwamba, taa ile itakapowaka tena, mkono wa kwanza usiende mfukoni. Uende kwenye daftari.