Niache Kuuza Dawa, Nikauze Sabuni?

(Maneno haya yalisemwa na dada mmoja mwuza dawa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Shimoni. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu.)

Niliombwa nizungumze juu ya kazi ya kuuza, kwa kuwa ninyi mna bidhaa na mimi ni muuzaji wa miaka mingi. Lakini leo nimekuja na shida yangu mwenyewe, na nitawaeleza ilivyo.

Kazi yangu ni kuzunguka na mkoba wa kampuni ya dawa. Nashika barabara kutoka Likoni, Ukunda, Msambweni mpaka Lunga Lunga, naingia duka moja la dawa baada ya jingine. Hospitali za serikali huletewa dawa zao nyingi na KEMSA, kwa hiyo riziki yangu iko madukani. Nina mshahara, nina mafuta ya gari, na nikifikisha kiasi nilichopangiwa mwezi huo napata kamisheni. Karo ya watoto inatoka hapo.

Sasa kuna kikundi cha akina mama wa upande huu wanaotengeneza sabuni ya mwani. Wameniambia, "Dada, wewe unajua kuuza. Achana na hizo dawa, utuuzie sabuni kwenye mahoteli ya Diani." Nikacheka. Halafu usiku sikulala.

Sababu ya kutolala ni hii. Kuna mwezi ulikuwa unaisha na mimi niko nyuma. Nikaingia kwa mwenye duka mdogo, mtu anayeniamini, nikamshawishi achukue katoni za antibiotiki ya maji, nyingi kuliko alizoweza kuuza. Kamisheni nilipata. Niliporudi nikakuta chupa bado zimejaa kwenye rafu, muda wake unakaribia kwisha, na yeye anampa kila mtoto anayekohoa. Mafua ya kawaida haya! Antibiotiki haitibu mafua, na ikitumiwa ovyo vijidudu huizoea. Siku mtoto akiugua kweli, dawa haishiki. Yeye alikosa, ndiyo. Lakini ni nani aliyemjazia rafu?

Akina mama, mnunuzi wa sabuni ataijua kwa kuoga mara moja. Kama haitoi povu au inawasha, harudi tena. Mnunuzi wa dawa ataijuaje? Sisi wakubwa tunakumbuka klorokwini, uchungu wake na ile mwasho yake. Malaria ilikuwa imeizoea kwa miaka kabla serikali haijaiondoa kuwa dawa ya kwanza mwaka 1998. Zikaja za aina ya Fansidar, nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa twende kwenye dawa mseto, ndizo tunazo hadi leo. Ikiwa wataalamu walihitaji vipimo ili wajue dawa imechoka, mama aliyesimama kaunta na mtoto mgongoni atajuaje? Anategemea neno la mwenye duka, na mwenye duka anategemea langu. Na neno langu hulipwa kwa idadi ya katoni. Hapo ndipo panaponiuma.

"Basi acha," mtasema. Ngojeni tuhesabu. Wale akina mama wananipa shilingi 30 kwa kila kipande. Nyumbani kwangu panatumika shilingi 45,000 kwa mwezi. Hivyo ni vipande 1,500, yaani 50 kila siku, Jumapili zikiwemo, na nauli sijaigusa. Mahoteli nayo, kati ya Aprili na Juni wageni hupungua, mengine hufunga. Mwani wenyewe, wakulima wa Kibuyuni wanajua, hukaa baharini wiki sita hivi na huvunwa bamvua. Na hoteli kubwa itauliza alama ya ubora ya KEBS, ambayo kikundi hakijapata. Tena wenye maduka ya dawa wananijua. Huko Diani nitakuwa kama mtu aliyetoka shule jana.

Na tusidanganyane, sabuni pia huuzwa kwa uongo. Nikilipwa kwa kipande tu, mwisho wa mwezi ukinibana nitaanza kusema inaponya ukurutu. Kwa hiyo nimewaomba mambo mawili kabla ya lolote: tusitaje ugonjwa wowote kwenye karatasi ya sabuni, na zisizouzika zirudi kikundini bila mwenye duka kupata hasara. La kwanza walikubali papo hapo. La pili bado wanabishana, na wana haki, maana mafuta ya nazi wameyanunua kwa pesa zao.

Kwa sasa sijaacha kazi. Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, naye amekubali Jumamosi ziwe zangu. Kuanzia Julai hadi Septemba nitakwenda Diani na sanduku moja kila Jumamosi, niandike waliochukua, waliokataa, na sababu. Katika dawa nako simjazii mtu rafu tena. Mwezi uliopita sikufikisha kiasi, kamisheni sikuiona, na karo ya muhula nimelipa nusu. Yule mwenye duka nilimwendea, tukazitoa chupa zilizobaki, nikazirudisha kwa kampuni. Alinikaribisha chai, lakini oda hakunipa.

Septemba ikiisha nitaleta daftari hapa. Mhazini wenu alisome kwa sauti, kisha mniulize maswali.